Moja katika Tano

Kwa Kiswahili, risasi ni madini na risasi ni kile kinachotoka kwenye bunduki. Neno tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ya kwanza ni hayo madini mazito ya kijivu. Pale Bangwe, kwenye rasi inayotenganisha ghuba ya Kigoma na ufukwe wa Ujiji, mvuvi akikuambia anatafuta risasi huna haja ya kukimbia. Anatafuta chubwi la mshipi wake.

Madini haya huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 za Selsiasi. Jiko la makaa na mtu wa kupuliza vinatosha. Ukiyamimina kwenye kalibu hutoka na umbo unalotaka, na yakipoa bado ni laini kiasi cha kukwaruzwa kwa kucha. Ulaini huo ndio uliyafanya yapendwe na kila aliyetaka kutengeneza risasi bila kiwanda, na ndio uliowasumbua mafundi wa bunduki kwa karne nzima, maana risasi tupu ikisukumwa kwa kasi hujisugua na mtutu na kuacha ngozi yake humo ndani. Mtutu unazibika kidogo kidogo. Tangu hapo dunia imekuwa ikitafuta cha kuivika: mafuta ya ng'ombe, nta, karatasi, shaba, na siku hizi rangi ya plastiki inayookwa kwenye oveni kama mkate. Wapigaji shabaha wa Marekani wanaojaza maganda yao wenyewe majumbani hubishana usiku kucha juu ya rangi hiyo, na juu ya kiasi gani cha baruti kinamfaa mtu anayetaka kurudi nyumbani na vidole vyote kumi.

Sisi tuna habari yetu ya kujaza maganda upya, ila haikuwa mchezo wa Jumamosi. Ilifanyika Moshi mwaka 1915, na ili kuieleza vizuri inabidi nianzie Ujiji.

Bunduki ya kwanza iliyojulikana sana kwenye ufukwe huu ilikuwa gobori. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, Waarabu na Waswahili walikuwa wameshafika kabla yao, na misafara yao ilitembea na magobori. Msafara ukikaribia mji ulipiga bunduki hewani kutangaza kwamba umefika salama na kwamba si wa kuchezewa. Henry Stanley naye alifuata desturi hiyo Novemba 1871 alipoiona Ujiji kutoka kilimani. Watu wakatoka kuangalia kelele za nini, ndipo akamkuta Livingstone. Wiki hiyo hiyo wawili hao walipanda mtumbwi kwenda kaskazini, wakaizunguka rasi hii ya Bangwe, na huko mbele wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Hamed bin Muhammad el Murjebi, aliyefanya biashara ng'ambo zote mbili za ziwa, tunamjua kwa jina la Tippu Tip, na moja ya maelezo ya jina hilo ni kwamba ni mlio wa bunduki zake.

Gobori hujazwa upya kila mlio. Baruti kwanza, kisha kitambaa au nyuzi, kisha risasi, halafu unashindilia kwa mdeki mpaka chini kabisa. Hakuna ganda wala kipimo kilichoandikwa. Kipimo ni kiganja, au kipande cha pembe kilichokatwa na mtu aliyeijua bunduki ile moja. Baruti nyeusi, ile ya shura, kiberiti na makaa, ina huruma fulani: ukizidisha kidogo, inapiga teke zaidi na kutoa moshi zaidi, lakini mtutu mzuri unavumilia. Isichosamehe ni uvivu wa mdeki. Risasi ikiachwa nusu ya njia, pakabaki nafasi tupu kati yake na baruti, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwa aliyeushika. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vitabu vingi vya wasafiri vinapenda kumcheka mpagazi na gobori lake. Lakini mpagazi yule alikuwa anafanya kila siku, kwa mikono yake na bila mizani, kazi ambayo leo watu huifanya kwa kitabu cha majedwali na mizani ya umeme.

Bunduki hizo zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilikuwa mabaki. Kila mara jeshi la Ulaya lilipopata bunduki mpya, za zamani ziliuzwa kwa wafanyabiashara, na Zanzibar ilikuwa mlango wao. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zinaingia bara kila mwaka. Kadirio la balozi mwenye wasiwasi si hesabu ya forodha, lakini hata ukiligawa kwa mbili bado ni chuma kingi.

Wasiwasi huo ulizaa mkataba wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890. Kwa jina ulikuwa mkataba wa kukomesha utumwa, na sura yake ya silaha inastahili kusomwa taratibu. Katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, uingizaji wa silaha ulizuiwa, hasa bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na zile za kisasa. Kilichoruhusiwa, kwa masharti ya ghala la serikali na kibali, ni gobori la gumegume lisilo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa lugha nyingine: Mwafrika abaki na teknolojia ya babu yake, na hata hiyo kwa ruhusa. Sikatai kwamba bunduki zilitumika kukamata watu. Zilitumika, na Ujiji ilikuwa soko la watu hao. Lakini miaka ile ile ambayo mlango ulifungwa huku, kule Ulaya ndiko bunduki ilikobadilika kuliko ilivyokuwa imebadilika kwa miaka 300.

Mabadiliko yenyewe ni mawili. Mwaka 1882, Eduard Rubin wa Uswisi aliivika risasi gamba la shaba, ikaweza kwenda kasi bila kuacha ngozi yake mtutuni. Miaka miwili baadaye Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likaitumia kwenye bunduki ya Lebel. Baruti hii mpya ina nguvu mara kadhaa kuliko nyeusi, na ule uvumilivu haina. Gramu tatu hivi zinatosha ganda la bunduki ya kivita, na ongezeko ambalo kwenye gobori lingekuletea teke tu, hapa linaweza kuliraruа ganda na kurudisha moto usoni. Ikitiwa kwenye bunduki ya zamani kwa kipimo cha baruti nyeusi, bunduki ile huwa bomu.

Sasa turudi kwa Wajerumani, waliofungua kituo chao Ujiji mwaka 1896. Askari wao Waafrika walipewa bunduki gani? Si ya kisasa. Mpaka vita vinaanza Agosti 1914, kampuni nyingi za Schutztruppe zilikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, silaha ambayo jeshi lenyewe la Ujerumani lilikuwa limeshaiacha. Ganda lake lilikuwa na gramu tano hivi za baruti nyeusi na risasi tupu, nene ya milimita 11, yenye uzito wa gramu 25. Risasi hiyo ilifungwa karatasi kiunoni, na kati yake na baruti kulikuwa na kidonge cha nta cha kulainisha njia. Hiyo ndiyo babu wa risasi zilizopakwa rangi za leo. Karatasi ilifanya kazi ambayo plastiki inafanya sasa: kuzuia madini yasiguse chuma.

Kwa shabaha haikuwa mbaya, na jeraha lake lilikuwa baya sana. Tatizo lake lilikuwa moshi. Askari akipiga mara moja, wingu jeupe linasimama juu ya kichaka alichojificha, na adui mwenye bunduki isiyo na moshi anajua pa kulenga. Pale Tanga, tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck kilishinda jeshi kubwa zaidi lililotoka India, tena wengi wao wakiwa na bunduki hizo za moshi. Waingereza waliporudi kwenye meli zao waliacha nyuma mamia ya bunduki za kisasa na lundo kubwa la risasi, na baadhi ya askari wakabadilisha silaha pale pale uwanjani.

Kisha njia zikafungwa. Meli za Uingereza zilizingira pwani, na koloni halikuwa na kiwanda cha risasi. Watu wanapenda kusimulia ubunifu wa miaka ile, jinsi taasisi ya Amani kule Usambara ilivyotengeneza dawa ya malaria, sabuni na hata pombe. Ganda la bunduki ni kitu kingine. Shaba, fataki na baruti isiyo na moshi hazipatikani msituni.

Mwezi Aprili 1915 ikaja meli. Jina lake lilikuwa Rubens, lakini ilisafiri ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ikiwa na mbao juu, na chini yake makaa ya mawe, bunduki na mamilioni ya risasi. Tarehe 14 Aprili manowari ya Hyacinth iliifumania kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha Carl Christiansen aliizamisha kwenye maji mafupi na kuwasha moto mbao za juu, Waingereza wakaona moshi, wakaamini imekwisha, wakaondoka. Baadaye wazamiaji walishuka na kuitoa shehena kreti kwa kreti.

Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi.

Lettow-Vorbeck alieleza kilichofuata katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1920, kwa aya moja tu. Baruti na fataki ziliendelea kuharibika siku hadi siku, na risasi zisizolipuka zikaongezeka. Haikuwepo njia isipokuwa kuyafungua maganda yote, kusafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Fataki nyingine zilikuwepo kwenye koloni, ila za muundo tofauti. Kwa miezi kadhaa, askari na wapagazi wote waliopatikana Moshi Mpya walikalishwa kutoka asubuhi na mapema mpaka usiku kufanya kazi hiyo.

Hebu tuwaangalie mikono. Kwanza unaing'oa risasi kutoka kwenye ganda bila kulipinda. Unamwaga baruti kwenye kitambaa: chembe bapa, nyeusi zenye kung'aa, nyingine zimegandana kwa chumvi. Unaichambua, unaianika pasipo moto. Fataki mbovu unaitoa chini ya ganda, na hapo ndipo pa kushika pumzi, kwa sababu fataki ni kitu kilichotengenezwa ili kilipuke kikigongwa, na wewe unaisukuma itoke. Nyingine hulipuka. Unaweka mpya, ambayo haikutengenezwa kwa ganda hili. Ikikaa juu sana, inaweza kulipuka komeo linapofungwa. Ikizama sana, pini haiifikii. Kisha baruti inarudi, na hapa swali ni kiasi gani. Ikipungua, au ikibaki na unyevu, risasi inaweza kutoka kwenye ganda na kukwama katikati ya mtutu. Mpigaji anasikia mlio mdogo, anadhani imekosa, anatia nyingine, na hiyo ya pili inaikuta ya kwanza njiani. Ikizidi, ganda linapasuka. Mwisho unairudisha risasi mahali pake, kwa kina kile kile, na unachukua ganda jingine. Kutwa nzima, miezi.

Wajazaji wa leo wana kanuni ambayo huifundisha kama dini: anza chini ya kipimo, panda kidogo kidogo, chunguza kila ganda baada ya mlio, usibadilishe vitu viwili kwa mpigo. Moshi Mpya walibadilisha fataki, baruti ilikuwa imeoga baharini, na aliyefanya kazi alikuwa mpagazi aliyezoea kubeba mizigo kichwani. Kwa kipimo chochote cha usalama, ile ilikuwa karakana ya kutisha.

Na bado ilifanikiwa, kwa namna yake. Risasi nzima za zamani ziliwekwa kando kwa ajili ya bunduki za askari. Zile zilizojazwa upya zilipangwa kwa majaribio: ambazo takriban asilimia 20 hazikulipuka zilipelekwa kwenye bombomu, na ambazo zilikosa zaidi ya hapo zikawa za mazoezi. Moja katika tano! Nimeisoma aya hiyo mara nyingi na kila mara nasimama kwenye hesabu hiyo. Kwa nini bombomu, silaha ambayo thamani yake yote ni kutokatika? Nadhani jibu liko kwenye mkono wa mpigaji. Bombomu la Maxim likinyamaza, aliyeketi nyuma yake anavuta mkono wa pembeni, risasi bovu inatoka, ukanda unasogea, linaendelea kunguruma, na kuna wenzake ubavuni. Askari mwenye bunduki ya mkono, kichakani, hatua ishirini kutoka kwa mwenzake wa upande wa pili, akivuta kifyatulio na kusikia "tik" peke yake, huenda asipate nafasi ya kuvuta tena. Kama nimeelewa sawa, hesabu ile ilikuwa ya busara. Pia ilimwachia mpiga bombomu hatari ya risasi inayochelewa, ile inayolipuka nusu sekunde baada ya kudhaniwa imekufa, wakati komeo limeshafunguliwa.

Majaribio yenyewe yalifanywa na mtu. Ili kujua kwamba sehemu fulani ya shehena inakosa mara moja katika tano, lazima mtu akae nyuma ya silaha na kupiga, mara nyingi. Aya ya jenerali haina jina la mpigaji huyo, wala la mpagazi mmoja kati ya waliokaa mikekani na maganda. Kitabu hicho hicho kina majina ya maofisa kwa kurasa na kurasa.

Wakati haya yanafanyika kaskazini, huku ziwani kulikuwa na ukwasi wa ajabu wa chuma. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka 1914, na kwa reli hiyo ikaletwa meli nzima ndani ya masanduku, Graf von Götzen, iliyoshushwa majini Februari 1915. Manowari ya Königsberg ilipozamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai mwaka huo, mizinga yake ya milimita 105 iliopolewa na mmoja ukafungwa juu ya Götzen. Kwa miezi michache meli kubwa kuliko zote ziwani ilipita mbele ya Bangwe na mzinga wa bahari ya Hindi. Halafu Waingereza wakavusha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Kongo, wakaiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Mzinga wa Götzen ukang'olewa kupelekwa kwenye vita vya nchi kavu, na badala yake likawekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga. Julai 1916, Wabelgiji wakiwa wanakaribia Kigoma, mafundi waliipaka mitambo ya meli mafuta mazito na kuizamisha taratibu. Paka chuma mafuta kabla hakijaguswa na kitu kibaya: fundi wa gobori wa Ujiji angeelewa bila kuelezwa. Miaka minane baadaye mitambo ile ilitolewa ikiwa mizima, na meli inaitwa Liemba.

Vita viliendelea bila ziwa. Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alipojiandaa kuvuka Ruvuma kuingia Msumbiji, sehemu kubwa ya risasi alizobaki nazo zilikuwa za Mauser ya 1871, zile za karatasi na moshi. Aliwaacha nyuma mamia ya watu wake, kwa sababu hakuwa na chakula cha kuwalisha wala risasi za kuwapa. Tarehe 25 mwezi huo, Ngomano, waliwashinda Wareno na kuchukua ghala lao. Kuanzia hapo tatizo la kujaza maganda liliisha, kwa sababu risasi zilipatikana kwa adui.

Waliposalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bombomu 37, na 30 kati ya hizo zilikuwa za Waingereza. Walikabidhi pia bunduki 1,071, zote za Kiingereza na Kireno. Mauser hata moja ya kisasa ya Kijerumani haikuwepo kwenye rundo lile.

Baadaye walishushwa Bismarckburg, tunapopaita Kasanga, wakapandishwa melini kuelekea kaskazini. Askari wale, waliobaki kati ya waliopiga Tanga na waliochambua baruti Moshi, walipita Ujiji, wakaizunguka rasi ya Bangwe, wakaingia bandari ya Kigoma mikono mitupu. Wabelgiji waliwapokea vizuri. Treni iliwachukua mpaka kambini Tabora, ambako homa ya mafua ya mwaka ule ilikuwa imeshafika, na madeni ya mishahara yao yaliandikwa kwenye vipande vya karatasi.